Lipiko wa Kilabuni kwa Bi Agata

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki moyoni. Hapo unapoona duka la vipuri vya bodaboda palikuwa kilabu cha pombe cha Bi Agata, na ndipo palipokuwa ukumbi wetu wa maonyesho. Gari la sinema likija mjini, filamu ilionyeshwa kwenye ukuta wake wa chokaa. Msimu wa mabibo tulikunywa uraka, pombe ya mabibo hayohayo, na alasiri mapiko, ngoma yetu ya vinyago, yalichezwa uani.

Mvaa kinyago, lipiko mwenyewe, hatajwi jina. Wanaume tuliopita jandoni tunamjua na tunanyamaza. Kwa wengine wote yeye ni mzimu. Mimi nilikuwa nimetoka jandoni juzijuzi tu, kichwa kimejaa upepo, na pembeni yangu ameketi binti niliyetaka anione mjuzi. Nikaitambua namna lipiko anavyotupa goti. Nikapaza sauti: "Mjomba Tadei huyo!"

Ngoma zikanyamaza. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Lipiko akaondoka polepole, na watu wakamfuata mmoja mmoja, wakaacha vikombe havijaisha. Bi Agata akaniita jikoni.

"Wee Festo, mjomba wako kacheza hapa tangu hujazaliwa. Leo umemvua nguo mbele za watu. Hachezi tena huyo."

Kweli hakucheza tena, na ndiye aliyenilea. Asubuhi nilikwenda kwake, nikapiga magoti, machozi yananitoka. Akanishangaa.

"Radhi ya nini, mpwa wangu? Mimi jana nilikuwa Mahurunga, naokota korosho."

Jumamosi iliyofuata aliketi na mimi kwenye benchi la watazamaji, akampigia makofi lipiko mwingine. Neno lake la korosho alilishikilia mpaka anazikwa. Namshukuru hadi leo. Angeweza kunikana mimi. Akaikana ngoma yake.

Nanyi sasa mna simu mikononi, kila aibu ya mtu mnairusha kabla hamjameza mate. Si kila ujualo ni la kusema. Usimfichue mwenzako ili wewe uonekane, maana maji yakimwagika hayazoleki. Na aliyekusitiri, mshukuru angali anakusikia. Mimi wangu nilichelewa kumwambia.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe macho makali na kinywa kizito. Na siku ukikosea, kwani utakosea, akujaalie mjomba kama niliyepewa mimi.