Mpaka Mzee Einar Apite

Usithubutu kumwambia Marit Halvorsen kwamba mteja ni mjinga. Atakukata jicho mpaka ujute. Kwa miaka kumi na mmoja pale mjini Duluth, akibuni tovuti za watu kuweka nafasi hotelini, alishika neno moja tu: mtu akishindwa, kosa ni la ukurasa.

Mtu wake wa kwanza wa majaribio alikuwa babake, mzee Einar, baharia mstaafu wa meli za ziwani. Kila tovuti mpya ilianzia kwake, mezani jikoni: aweke nafasi ya chumba mpaka mwisho bila kukwama. Sheria ya kazi ni kwamba anayejaribu hasaidiwi. Mbunifu anauma ulimi na kuandika anachokiona. Mzee hakuwa na haya. "Hiki kitufe mmekificha, mnaogopa kitaibiwa?" Ofisini wakawa wanaulizana, "Mzee Einar kapita?" Akipita, wanapumua.

Mwaka huu, barafu ilipoanza kuyeyuka, mzee alikwama kwenye tarehe. Marit akazikuza. Akakwama kwenye idadi ya wageni. Marit akaiondoa. Wiki ya tatu akakwama kwenye jina lake mwenyewe, na Marit, masikini, akarudi ofisini kubadilisha kisanduku cha jina!

"Marit, shoga yangu," Renee, wanayekaa naye meza moja, akamwambia kwa upole, "wengine wote waliojaribu wamepita. Mpeleke baba kwa daktari."

"Ukurasa ndio mbovu! Mbona mnaniharakisha?"

Aliwaka, lakini alijua. Angekosaje kujua? Kukubali kwamba ukurasa hauna kosa kulikuwa kukubali kwamba baba anamponyoka, na hilo lilimshinda.

Jumapili akaja na ukurasa wa kitufe kimoja tu, kikubwa, cha kijani: NATAKA CHUMBA. Hauulizi tarehe, hauulizi jina. Hakuna hoteli duniani ambayo ingeutaka. Aliutengeneza kwa ajili ya mtu mmoja.

Mzee akautazama. Marit akauma ulimi, kalamu mkononi, akimwomba Mungu kidole kile kisogee tu. Hakikusogea. Mwishowe mzee akamgeukia kwa adabu zake zote.

"Samahani, dada, nakupotezea muda. Tungoje kidogo. Binti yangu yuko njiani, mambo haya ndiyo kazi yake."

Marit akaweka kalamu chini. Machozi yalikuwa yameshamlowesha kidevu.

"Haya, mzee wangu," akasema, "tumngoje."

Mzee akavuta kiti, akakaa akiutazama mlango.