Farao Ndani ya Sufuria

Mimi Misri ya zamani niliimeza kavu. Mwalimu alijaza tablo, sisi tukanakili, siku ya intero, ule mtihani mdogo wa darasani, nikatapika wafalme wote, basi. Ndiyo sababu dada yangu mdogo, wa mwaka wa tatu primeri, aliporudi nyumbani na udongo hadi masikioni akasema wanajenga piramidi nyuma ya darasa, kitu kilinichoma kifuani.

"Piramidi gani? Ile iko choo," nilimwambia.

"Choo iko uso yako."

Papa akacheka mpaka akaweka ugali chini. Kabla ya hapo, mtu wa kumchekesha Papa wakati wa kula nilikuwa mimi peke yangu.

Madamu wao mpya hakuwa na kitabu hata kimoja cha historia. Watoto walifyatua matofali kwa makopo ya sardini, wakaandika majina yao kwa michoro: ng'ombe, jembe, kiazi. Mimi, mtu mzima wa sekondari, nilipita kando ya uzio polepole kama mgonjwa. Siku moja nilijitolea kuwachotea maji. Madamu akajibu kwa upole kwamba wakubwa wana masomo yao. Vitoto vikacheka, na dada yangu njo alicheka zaidi.

Kisha wakatengeneza mumia, maiti ya kukaushwa kama ya wafalme wa Misri. Mzazi mmoja alitoa sungura, wakamchinja, wakamtoa matumbo, wakamfukia ndani ya chumvi ya ng'ombe. Chumvi ilitoka kwa Papa, yuleyule anayeninyima hata ya kuweka kwenye avoka! Farao, ndivyo walivyomwita huyo sungura, alipokauka, walimfunga kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Shuka ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Mvua ikaanza kuvuja darasani, Madamu akamtuma Farao kwetu, aning'inie juu ya moto wa jikoni asioze.

"Usimuguse," dada alinionya. "Hata kumuangalia sana, hapana."

Wiki hiyo Koko, mama yake Mama, alikuja kutusalimia kutoka Walikale. Kwao msituni, nyama iliyofungwa vizuri na kutundikwa juu ya moto ina maana moja tu: mwindaji wa nyumba amekukumbuka. Asubuhi wote tulipoondoka, Koko akamteremsha Farao, akamloweka, akamwosha chumvi, akampika kwa mawese.

Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni. Nilidhani ni nyama aliyokuja nayo.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Kukausha munajua. Kupika njo munachelewa."

Nilikuwa kwenye paja la pili dada yangu alipoingia. Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, vitambaa vya shuka yangu vilikuwa vimefuliwa na kuanikwa. Akaviangalia. Akaniangalia mdomo.

"Koko! Mumekula Farao!"

Nilicheka mpaka mchuzi ukanitoka puani. Darasa lao limekwisha, nikawaza, sasa tuko sawasawa.

Kumbe! Kesho yake Madamu aliposikia alipiga makofi. Aliwaambia watoto kwamba hata kule Misri wezi waliingia makaburini, kwa hiyo sasa watafungua kesi. Koko alikuwa mgeni tena mzee, hashitakiwi. Vitoto viwili vikaja kunichukua mbele ya wenzangu wote, vimenishika mkanda wa suruali.

Waliniketisha kwenye benchi fupi, magoti yakafika masikioni. Hakimu alikuwa dada yangu, amejichora macho kwa makaa.

"Ulikula mufalme?"

"Mapaja tu, Mheshimiwa."

"Alikuwa tamu?"

"Alikosa pilipili."

Darasa likalipuka. Hukumu: kubeba maji na udongo hadi piramidi iishe. Nilikunja uso kama mtu anayeteswa, maana wangejua raha yangu wangenifukuza. Kila siku baada ya masomo nilibeba, nikakanyaga tope, nikafyatua. Kiuno changu kikajua Misri kuliko daftari langu.

Tofali la kileleni nilifyatua mwenyewe, nikalichora sungura. Niliomba kuliweka.

"Mwizi hapandi juu ya kaburi," alisema dada. "Leta hapa."

Lakini piramidi ilikuwa imempita urefu, ikabidi apande mabegani mwangu. Watoto wakapiga kelele wakiita jina lake. Nikamshika miguu yake yenye tope asianguke, nikimwonea wivu hadi kwenye nywele.