Nilivyotolewa Kwenye Poka ya Nyumbani Kwangu

Mimi hakuna kitu cha kunishtua tena hapa duniani. Nasema hivyo bila kujisifu (sawa, najisifu kidogo), kwa sababu nimekaa juu ya magunia ya kahawa ya magendo huku askari anayadunga kwa singe, na mimi namwomba kiberiti. Siku moja nilisimamishwa kwenye vizuizi saba kati ya Mbale na mpakani, na kwenye vyote saba uso wangu ulibaki kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Siri yangu ilikuwa kumtazama askari kifungo cha pili cha shati, basi, si macho, si bunduki. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Jumapili moja mchana, sebuleni kwangu, mbele ya watu zaidi ya kumi, nilitolewa kwenye mashindano niliyoyaandaa mimi, kwa sheria niliyoitunga mimi, kwa kosa la kutafuna, mjue kwamba naona haya hata leo, na nikifika karibu na bucha ya Hamisi navuka upande wa pili wa barabara.

Nianze na mimi ni nani. Naitwa Badru, mtoto wa Buwenge, kaskazini ya Jinja, darasa la nne ndiyo mwisho wangu, na hata hilo la nne sikulimaliza. Nilianza na baiskeli moja na mihogo ya watu. Leo nina mashine mbili za kusaga posho, yaani unga wa mahindi, pale Industrial, Mbale, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Lakini kabla ya vita vya sabini na tisa nilikuwa kijana wa kupanda na kushuka tu, naleta kahawa kutoka mlimani, na kila nikipata nafasi nashuka Jinja, kule Walukuba, kwa rafiki yangu Rajab, tunacheza karata barazani kwao. Baba yao alikuwa sajini mstaafu, Mnubi, mzee mpole mwenye goti bovu. Watu walidhani napenda sana karata. Mimi karata nilikuwa sizioni. Nilikuwa nangoja dada yake Rajab, Safina, alete chai.

Safina alikuwa na namna ya kuvua ndala mlangoni bila kuinama na bila kutazama chini, anaziacha tu nyuma yake kama mtu aliyetoka majini. Hilo ndilo nililobaki nalo miaka yote, ndala mbili mlangoni. Tulikuwa tumekubaliana nilete wazee wangu. Nikamwambia angoje safari moja tu ya kahawa, nipate mahari ya kueleweka, kwa sababu sikutaka kuja kwa sajini kama mtu wa mihogo. Nikapanda mlimani. Nikiwa huko vita vikafika Jinja, Wanubi wakahesabiwa watu wa serikali iliyoanguka, na waliokuwa wanakunywa chai kwa sajini wakaanza kubeba milango ya nyumba yake. Niliposhuka nilikuta nyumba haina watu wala mlango. Wameenda kaskazini, wakasema majirani. Baadaye nikasikia wamevuka mpaka, wako kambini Sudan. Mimi nikaoa mtu mwingine, tukaachana (kosa langu, si lake), nikanunua mashine ya kwanza, nikanunua ya pili.

Sasa sikilizeni. Miaka kumi na tatu imepita, amani imerudi, lami bado ina mashimo lakini watu wanatembea, dereva mmoja wa lori ananiambia: Rajab amerudi Jinja, anatengeneza redio sokoni. Mtu mwenye akili angepanda gari asubuhi, angefika Jinja kabla ya saa sita, angeuliza swali moja: dada yako yuko wapi? Mimi nikaona hapana. Mtu mkubwa kama mimi hawezi kwenda kusimama mbele ya meza ya redio akauliza habari za mwanamke. Nikaamua Rajab aje kwangu, aone, na swali nimtupie katikati ya mazungumzo kama kitu kisicho na maana. Kwa hiyo nikaandaa mashindano ya kirafiki ya poka. Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza.

Poka nilifundishwa na madereva wa Kenya mpakani, tulipokuwa tunangoja siku tatu, siku nne, foleni haisogei. Ni mchezo wa karata tano, unaweka dau, na anayeshinda si lazima awe na karata nzuri, ila awe na uso usiosema kitu. Nani ana uso kunishinda mimi? Kwanza lakini nilitaka makochi mapya, Rajab akifika akae vizuri, akirudi akasimulie. Seremala akanichelewesha. Halafu kitambaa kikakosekana, ikabidi kitoke Nairobi. Miezi minne nzima nikangoja makochi. Yalipofika ndipo nikampa dereva yule barua ya mwaliko, aliyoniandikia Mwalimu Wamimbi, jirani yangu Mgisu, mwenyeji wa Mbale, mtu wa sheria na wa kuhesabu, ambaye nilimweka kuwa mwamuzi.

Kuhusu dau, nusu ya wachezaji tulikuwa Waislamu, hivyo pesa mezani hapana, na kiingilio hapana. Zawadi nilitoa mimi mwenyewe, gunia la sukari, na sukari wakati huo haikuwa kitu cha kuchezea. Mwalimu akashauri tutumie vifuniko vya chupa. Nikakataa, vifuniko vya bia nyumbani kwa mtu anayeswali? Nikachagua buni, zile za kutafuna ambazo Waganda huwapa wageni, zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa, nyeusi, safi, mtu wa Mbale hawezi kuziongezea kwa siri kutoka gunia lake la nyumbani kwa sababu hazifanani. Kila mchezaji buni ishirini, wachezaji wanane. Hamisi mwenye bucha akauliza kama anaruhusiwa kuonja moja. Hapo nikasimama, nikajikohoza, nikatangaza:

"Buni haziliwi. Atakayetafuna hata moja anatoka, hata akiwa mwenye nyumba."

Mwalimu akaiandika kwenye ubao mdogo aliokuja nao. Watu wakapiga makofi, na mimi nikaketi kama jaji.

Rajab alikuwa amefika asubuhi hiyo. Mvi zimemjaa, mkono mmoja una kovu la moto wa kambini, lakini kicheko ni kilekile. Tulikumbatiana muda mrefu mpaka Hamisi akauliza kama tunaomba mvua. Nikamtengea kochi la katikati. Kila nilipofungua mdomo nimuulize lile swali, likatoka la redio. Redio za betri zinalipa? Zinalipa. Vipuri vinatoka wapi? Kampala. Mpaka tukamaliza pilau najua habari zote za redio za Jinja, na sijui kama Safina yuko hai.

Tukacheza. Na nilicheza, jamani, lazima niseme ukweli. Mlima Wanale ulikuwa umevaa mawingu dirishani, redio imezimwa, na mimi nawanyoa mmoja mmoja. Natazama kifungo cha pili. Hamisi alikuwa na wafalme watatu mkononi, nikamtishia kwa nne mbili tu na uso wa chokaa, akalaza karata zake mwenyewe, mizunguko miwili baadaye buni zikamwishia, akaenda kukaa karibu na mlango ananung'unika. Wakatoka watano, wakatoka sita. Nikabaki na Rajab. Mbele yangu kilima cha buni, mbele yake kilima kidogo zaidi, mkononi mwangu nane tatu na tano mbili, karata ambazo mtu anaota. Nikasukuma buni kumi. Rajab akanitazama muda mrefu.

Ndipo sauti ikaja kutoka mlangoni.

"Salaam aleikum. Rajab, shangazi amenichosha na maswali, nimekufuata huku."

Sikugeuka mara moja. Nilisikia ndala, moja, halafu nyingine, zikianguka kwenye simenti. Nilipogeuza uso alikuwa amesimama juu ya zulia langu, mwembamba, nguo ya kijani, usoni mistari miwili ambayo sikuwepo ilipokuwa inachorwa. Kumbe walikuja pamoja, akashukia kwa shangazi yao chini ya Wanale, na Rajab hakuona sababu ya kunieleza kwa kuwa mimi nilikuwa nauliza redio tu.

"Badru," akasema. "Umenenepa."

Naambiwa mdomo wangu ulibaki wazi, halafu mkono wangu wa kulia ukaanza kazi yake wenyewe, unachukua buni, unatia mdomoni, unachukua nyingine, na mimi natafuna taratibu namtazama kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Nilipata akili baada ya kuona watu wote wanautazama mkono wangu.

"Bwana Badru," Mwalimu akasema kwa ile sauti ya darasani, "mdomoni kuna nini?"

Nikajaribu kumeza. Buni kavu hazimezwi haraka hivyo. Nikapaliwa, nikakohoa, na kipande kimoja kikatua juu ya karata za Rajab.

"Sita," Mwalimu akasema baada ya kuhesabu. "Zimepungua sita."

"Sheria iko ubaoni," Hamisi akasema kutoka mlangoni, na furaha yake hakuificha. "Hata mwenye nyumba."

Nikasema kwamba si kula kwa makusudi, nilishtuka tu. Nilipolitamka hilo neno nikajua nimekwisha, kwa sababu wote wale nimewasimulia habari ya singe na kiberiti si chini ya mara ishirini.

"Wewe umeshtuka?" Hamisi akauliza. "Ulishtushwa na nini, afande?"

Wakacheka mpaka makochi yakalia. Rajab peke yake hakucheka. Alinitazama, akamtazama dada yake, akanitazama tena, akaziweka karata zake chini polepole. Halafu mwingine naye akaona, na mwingine, kicheko kikapungua kama mvua inayohama, na mimi nimekaa katikati na meno meusi, kila mtu ananisoma kama ubao wa Mwalimu. Askari wa vizuizi saba hawakupata kitu. Hawa walipata vyote.

Nikatoka. Sheria ni yangu. Nikaenda uani, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na jiko, nikaosha mdomo kwa maji ya birika. Baadaye kidogo Safina akaja, akasimama kivulini mwa ukuta, si mbali, si karibu.

"Tulikungoja siku nne," akasema. "Lori la jirani liliondoka siku ya pili, na nafasi yetu ilikuwemo. Nikamwambia baba, ngoja, Badru atakuja na gari. Tukaondoka kwa miguu."

"Nilikuja."

"Lini?"

"Siku ya tisa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa. Nikamuuliza kama mzee alinilaani. Akasema hapana. Baba yake, na lile goti, njia nzima hakunitaja kwa ubaya. Alisema kahawa ni nzito, aliyeibeba hawezi kukimbia. Mwaka wa pili kambini malaria ikamchukua.

Hapo mtu mwingine angesema neno la maana. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema nina mashine mbili za kusaga na ya tatu iko njiani.

"Rajab ameniambia," akasema. Akainama, akaokota kuni iliyotoka jikoni, akairudisha motoni. "Kuna mtu Arua, kule ninakokaa tangu turudi kutoka kambini, fundi wa baiskeli. Alileta posa mwezi uliopita. Baba hayupo, walii wangu, wa kunioza, ni Rajab, ndiyo nimekuja kumchukua. Tulikuwa tuondoke Ijumaa, akasema hawezi kuukataa mwaliko wa Badru."

"Mwezi uliopita," nikasema.

"Mimi nilimwandikia Rajab tangu aliporudi Jinja. Nikamuuliza, Badru hajapita? Akajibu, hajapita. Nikaandika tena. Hajapita. Ndipo nikamwambia yule fundi alete watu wake."

Ndani walipiga makofi, Rajab alikuwa ametangazwa mshindi. Mimi nilikuwa nahesabu miezi minne. Mwezi wa kwanza seremala, wa pili seremala, wa tatu kitambaa, wa nne posa. Nilitaka kumwambia habari ya makochi, nikaona hata mimi sielewi nitaanzia wapi. Nikamuuliza kama huyo fundi ni mtu mzuri. Akasema anakuja anaposema anakuja.

Rajab akatoka uani, akatukuta hivyo, akanishika bega. "Badru, si ungeniuliza tu?" akasema. "Mimi nilidhani una kinyongo na sisi, ndiyo maana hupiti."

Jumatatu asubuhi niliwasindikiza mpaka kwenye basi la Kampala, huko wabadilishe la Arua, kampuni moja, nauli inalipwa mara moja. Sukari ilipanda juu ya basi. Safina alikaa dirishani, akaniambia nipunguze nyama, nami nikasema nitapunguza, na uso wangu sikujishughulisha kuuficha, kila abiria akaona. Tangu siku hiyo nimeapa, nikiwa na swali kwa mtu nitakwenda mwenyewe, hata kwa ndala, hata sina kochi, nimuulize nikiwa bado mlangoni. Karata nilimpa Mwalimu. Na kondakta alipopita kukusanya nauli nilimzuia Rajab mkono, nikalipa mimi, watu wawili mpaka Arua, kwenda tu: shilingi elfu kumi na saba na mia nne.