Mama Mkubwa wa Bibi wa Farsta

Uswidi kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, awe daktari, awe mwalimu, awe kikongwe. Hilo lilinishinda. Miaka yote niliyofanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, hemtjänst kama wanavyoiita hapa, sijaweza kumwita aliyemzidi mama yangu umri kwa jina kavukavu. Kwa hiyo kikongwe mmoja Mwingereza wa Farsta, kitongoji cha Stockholm, nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Aliuliza maana yake, nikamweleza. Akasema hajawahi kuwa bibi wa mtu, lakini anaipokea.

Alikuwa mtu wa ukoo. Si ukoo kama huu wetu ambao kila mtu anao, bali ukoo wa jumba, mashamba na farasi, na picha za mababu wenye pua ndefu. Jumba liliuzwa zamani. Bibi aliolewa na Mswidi, akahamia Stockholm, mume akafariki, na zile pua zikabaki zikimtazama sebuleni. Sisi tulipatana kwa sababu ya chai. Huku ni kahawa asubuhi, kahawa mchana, kahawa hata msibani. Bibi alitaka chai iliyokolea, yenye maziwa, na hiyo ndiyo niliyokulia. Wenzangu walikuwa wakimchovyea kifuko cha majani kwenye maji ya vuguvugu, maskini, bila kujua kwamba wanatenda dhambi.

Majira ya baridi yale Bibi alianza kusahau. Wakati huohuo mjukuu wa kaka yake, aliyeishi Uingereza, alikuwa akitengeneza chati ya ukoo mzima ili ichapishwe na kugawiwa jamaa wote, na theluji ikiyeyuka angekuja kuchukua habari za upande wa Bibi. Bibi akaingiwa na hofu. Wa rika lake wote walikwisha kufa.

"Nikisahau mimi," aliniambia, "nani atasema?"

Basi nikanunua karatasi kubwa, na kila nilipokuwa nikipasha chakula chake moto, yeye alisema, mimi nikachora.

Tatizo ni kwamba nilichora jinsi nilivyozoea kuhesabu watu. Mama yake Bibi alifariki yeye akiwa hajaanza kutambaa. Baba, ambaye kwa maelezo yote alijua kulea mbwa kuliko mtoto, alimpeleka kwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke ambaye hakuolewa, aliyeishi katika nyumba ndogo karibu na kanisa la kijiji. Huko ndiko Bibi alikokua hadi akawa mwari. Sikufikiri mara mbili. Nikamweka yule mwanamke juu ya Bibi, pale pa mama, bega kwa bega na marehemu.

"Umekosea," Bibi akasema. "Huyo si mama yangu. Ni dada wa mama."

"Ndiyo. Mama mkubwa."

"Kwenye chati hayumo. Hakuolewa, hakuzaa, na wala si wa ukoo wetu."

"Ulipougua surua, nani alikesha nawe?"

"Yeye."

"Nani alikufundisha kufunga kamba za viatu?"

"Yeye."

Hata hivyo nilichukua kifutio, maana ukoo ni wake, si wangu. Bibi akanishika mkono. Akalia kidogo, kwa adabu, leso ikiwa tayari, kisha akasema nimwache hapohapo.

Mjukuu wa kaka yake alipofika, nilimkuta ni bwana mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliikagua karatasi yetu, akasema inavutia sana. Bibi akaninong'oneza kwamba watu wao wakisema hivyo wanakataa. Kweli, bwana akaeleza kwamba chati inafuata damu na ndoa. Yule mlezi angeweza kutajwa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

"Basi nitoe na mimi," Bibi akasema.

Nikajifanya nashughulika na birika. Bwana akaendelea kuitazama karatasi, akaweka kidole chini ya jina la Bibi, kwenye kiduara nilichokichora bila jina.

"Na huyu hapa ni nani? Yeye hakupata watoto."

"Ni wewe," nikamwambia. "Wewe ni mjukuu wa kaka yake. Kwetu huyu ni bibi yako, hakuna mjadala."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Akakaa, akanywa chai yangu yote, akaitazama ile karatasi upya. Kisha akauliza polepole, "Haya, huyo mama mkubwa aliitwa nani?"

Bibi akafungua kinywa, pasitoke neno. Tangu utoto alimwita Anti, basi. Jina lake alilijua, nalo sasa lilikuwa limekwenda. Mjukuu hakuwa nalo, kwa kuwa upande ule hakuna aliyewahi kuufuatilia. Niliuona uso wa Bibi ukibadilika. Alikuwa amepigania nafasi ya mtu, amepewa, na hana wa kumweka.

Sikuwa na hekima yoyote. Nilitaka tu kumtoa kwenye woga ule, nikamuuliza swali tunaloulizana hata na mtu tuliyekutana naye kwenye foleni.

"Bibi, kwani wewe somo yako nani?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtoto hapewi jina hivihivi. Hupewa la mtu, na huyo ndiye somo yake hadi kaburini. Bibi akafikiri. Jina la kwanza lilikuwa la bibi mzaa baba, mmoja wa wale wenye pua. La katikati hakulipenda kamwe. Lilikuwa la kizee, shuleni walimcheka, akaacha kulitumia.

"Hilo nilipewa ubatizoni," akasema, "la..."

Akalitamka. Akalitamka tena, safari hii kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Bwana hakuigusa kompyuta aliyokuja nayo. Alichukua kalamu yangu akaliandika mwenyewe kwenye karatasi, pale pa mama. Jina lenyewe sitalitaja, ni lao. Ninachoweza kusema ni kwamba nilishukuru kwa kazi hii inayoumiza mgongo, iliyoniweka jikoni mle mchana ule.

"Wako yupo?" Bibi akaniuliza. Alijua kwamba nami nililelewa na mama mkubwa.

"Yupo Muheza. Ana simu na maneno mengi."

"Mpigie."

Kwenye skrini likatokea paji la uso na dari, kama kawaida yake. Bibi, kwa salamu pekee ya Kiswahili niliyomfundisha, akasema, "Shikamoo!" Mama mkubwa akapiga ukelele kwamba jamani, mdogo ni yeye, asitiwe laana. Tulicheka wote, hata bwana ambaye hakuelewa kitu.

Kisha Bibi akaniambia, "Mwambie asante kwa kukulea. Mimi wangu sikumwambia. Nilidhani anajua."

Nikatafsiri. Muheza kukawa kimya. Nikadhani ni mtandao, nikarudia, "Mama, asante kwa kunilea," na sasa sikuwa nikitafsiri tena.

"Nilisikia tangu mwanzo," Mama mkubwa akasema. "Nilitaka uniambie wewe."