Modemu Iliyomlilia Ma Koku

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa fundi kijana mwenye kiherehere, niliua mtu kwa waya. Usishtuke, asubuhi yake alikuwa anakunywa uji.

Ilikuwa hospitali moja ndogo upande wa Kamachumu, miaka ile ya ukimwi, tulipokuwa tukitoka msiba huu tunaingia ule. Nilitumwa kufunga modemu, vile vidude vya kupitisha taarifa za kompyuta kwenye simu. Kila modemu unaichomeka huku kwenye sanduku la matundu mengi linalohudumia kompyuta, na huku kwenye laini ya simu ukutani. Basi.

Wodini alikuwapo Ma Koku, mama aliyekuwa amebaki mifupa na mdomo. Kila nikipita na waya zangu, ananiuliza kwa upole wa Kihaya, "Waitu, kaka yangu wa Kahororo hajapiga?" Tangu alazwe, ndugu zake hawakuwa wamekanyaga pale. Waliogopa ugonjwa, wakasingizia nauli. Maskini, simu ya kaka ndilo tumaini alilobaki nalo.

Sasa, ukutani zilitoka laini tatu zinazofanana. Muuguzi akasema, "Fundi, moja ni ya wodini, ngoja nikuonyeshe." Mimi nani, ningoje? Nikazichomeka zote kwenye modemu, taa zikawaka, nikajipongeza, nikaenda zangu kula ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Jioni kaka mtu akapiga. Modemu kazi yake ni kujipokelea simu na kupiga kelele: kriiii! Akakata, akapiga tena. Kriiii! Akawageukia watu wa nyumbani. "Koku wetu amekwenda. Hospitali nzima inalia, hata wa kunisemesha hakuna."

Asubuhi ikaingia pikapu imejaa ndugu, mbao za jeneza, mikungu ya ndizi na madumu ya pombe ya lubisi ya kunywa msibani. Wanawake walianza kulia tangu getini. Ma Koku alikuwa barazani na kikombe chake cha uji. Loo! Dada yake alipomwona alitupa kanga, akatokomea migombani.

"Kumbe nauli mnayo!" Ma Koku akasema. "Nikiumwa hamna hata ya basi. Nikifa mnakodi gari."

Kaka yake akaketi chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto.

"Acha hizo, waitu. Menyeni ndizi, nina njaa. Na mbao zangu msirudi nazo." Kisha akanitazama mimi, maana muuguzi alikuwa ameshafuata waya mpaka kwangu. "Na wewe fundi, asante kwa kuniua. Siku nyingine uliza."

Zile mbao ziligongwa benchi. Ndugu zake walilikalia kila Jumapili, na alipoondoka kweli, muda mrefu baadaye, mkono wake ulikuwa mkononi mwa kaka yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujachomeka waya, uliza nani anausubiri upande wa pili. Na kama una mgonjwa, nenda leo, usingoje kelele za simu. Mungu akupe masikio ya kusikia ukiambiwa ngoja, na akupe ndugu watakaokodi gari ungali unakunywa uji.