Esansi Niliyoiacha Ndani ya Jenereta

Nilipokuwa kijana tuliteremsha ng'ombe wa baba kutoka milimani mpaka Kalundu, bandari ya Uvira. Fahali mmoja akakataa kupanda boti. Tukamvuta, tukamsukuma, wapi! Akalala chini kabisa, boti ikaondoka bila sisi. Baba alimtukana kapiteni njia nzima ya kurudi, na kapiteni hakuwa na kosa.

Sijui kwa nini naanza na hiyo. Shule nilisoma kidogo, mawazo yangu yanatembea yenyewe. Bon, nataka kusema tu kwamba bandari niliyoijua ni ile: boti mbili, magunia ya mahindi, kelele. Kosa langu ni la bandari nyingine, ambayo hata sijaiona.

Mwaka 2015 nilikuwa Louisville, nafanya kazi kwenye depo kule Okolona. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, anakaa Riverside, Buffalo. Alikuwa anamtumia mama yao kitanda cha hospitali kule Uvira, kile kinachomwinua mgonjwa kichwa, maana mama akilala pumzi zilikuwa zinakatika. Mimi nilikuwa namtumia kaka yangu jenereta. Tukaweka vyote kwenye kontena moja kule Columbus, kwa ajenti Mrundi, tumwite Deo.

Deo aliniuliza kama tangi la jenereta ni tupu. Nikasema ndiyo. Kumbe nimelijaza esansi, yaani petroli! Sisi watu wa milimani, kibuyu cha maziwa hatukirudishi kwa mwenyewe kikiwa kitupu, ni aibu. Nikajiambia kaka atavuta kamba, taa ziwake saa ileile, ajue nilimfikiria. Mjinga mimi.

Kontena likafika bandari kubwa ya kusini mwa Italia, pale meli za Amerika zinapoachia mizigo zile za kwenda Afrika. Deo alinitumia picha: winchi ndefu kama minara, makontena yamepangwa kama matofali mpaka jicho linachoka, malori hayasimami, huku machungwa, kule magari. Na pembeni kabisa, uwanja wa mizigo ya hatari. Letu lilikuwa pale, linanuka esansi. Halipandi meli mpaka lifunguliwe na kuchunguzwa, na foleni ni ndefu.

Deo akanipigia. "Mzee, niambie kweli, nikiwaandikia ni nini kinanuka watalifungua mapema. Ni jenereta yako?"

"Yangu ilikuwa tupu," nikasema.

Miezi ikapita. Shemeji ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, namwambia Deo hajui kazi. Nikawaambia na watu wa kanisa. Donc, basi, wakaacha kumpa mizigo.

Mama akafa amelala chini kwenye mkeka, ameegemezwa kwenye magunia ya nguo. Kitanda kiko Italia.

Nikapanda basi kwenda kilio Buffalo. Nyumba imejaa, watu wanaimba. Shemeji akanikalisha kiti cha mbele, akaniletea bugali kabla ya wachungaji, akasema watu wote wakisikia: "Huyu ndiye alihangaika na kitanda cha mama. Deo ndiye ametuulia mama."

 

Ndugu zangu mnaofunga makontena, mwageni esansi yote, na mkiulizwa, semeni siku ileile. Msingoje kupewa heshima kama mimi.

Bugali sikuigusa. Nikasema natoka kupiga simu kidogo. Nikavaa koti, nikatembea kandokando ya mto mpaka kituo cha basi. Buffalo sijarudi.