Niliposa kwa Jezi ya Kuazima

Inakuwaje mtu aliyesoma falsafa chuo kikuu miaka mitatu, akaandika tasnifu nzima juu ya ukweli, aulizwe anafanya kazi gani na ashindwe kusema? Nimejiuliza hivyo zaidi ya miaka kumi sasa.

Kosa ni langu. Sikupotoshwa na shetani wala na rafiki. Nilidanganya mchana kweupe, nikiwa nimeshiba, tena kwa furaha.

Ilikuwa Doha, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili na kumi. Nilifanya kazi kwenye uwanja wa barafu uliomo ndani ya jengo la maduka. Ndiyo, barafu, katika nchi ambayo nje ukigusa kitasa cha gari unaungua! Kazi yangu ilikuwa kaunta ya viatu. Mteja ananipa vyake, nami nampa vya kutelezea, vyenye chuma chini. Akirudisha, ninavipuliza dawa ya harufu. Vikipoteza makali, ninavinoa. Ni kazi ya halali, na niliifanya vizuri. Ila kuitaja sikuweza.

Nyumbani Tanga nilikuwa nimempenda Zuhura, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Ajira ile ya serikali aliisubiri miaka minne. Siku ya posa, mshenga wangu alikuwa Ami Bakari, mdogo wake marehemu baba. Barua ilisomwa, ikapokelewa vizuri. Ndipo wazee wakauliza jambo ambalo mimi, msomi, sikuliandika. Ami akatoka uani na kunipigia simu.

"Wameuliza kazi yako. Niseme nini? Fanya haraka, wananisubiri."

Nilikuwa nimeshika kiatu cha mtoto mkononi. Mbele yangu, wachezaji wa magongo walikuwa wakifanya mazoezi, wanapita kama upepo, wakikigombea kile kigae cheusi wanachokipiga badala ya mpira. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Waambie ni mchezaji wa kulipwa."

"Wa mpira?"

"Wa magongo, Ami. Juu ya barafu."

"Barafu hii ya kutia kwenye juisi?"

"Hiyo hiyo."

"Huko Uarabuni, kwenye joto lote hilo?"

"Ndiyo, Ami."

"Basi lazima wawalipe. Nani angekubali bure?"

Posa ikapita! Baadaye nilitafakari kwa nini ilipita kirahisi vile. Ningesema daktari, angetokea mtu wa kuuliza hospitali gani. Ningesema mhandisi, angetokea binamu anayejua wahandisi wote wa Ghuba. Lakini nani Tanga nzima angenihoji juu ya magongo ya barafuni? Nilichagua uongo ambao haukuwa na shahidi hata mmoja. Hapo elimu yangu ilinisaidia, Mungu anisamehe.

Wakaomba picha. Nikaazima jezi namba kumi na saba na kofia ya chuma, nikasimama nimekunja uso. Picha ikatundikwa sebuleni kwa baba mkwe, Mzee Mbwana. Nikaambiwa wageni wanaonyeshwa kabla hawajakaribishwa kuketi.

Zuhura hakuwa mjinga. "Mchezaji gani wewe," aliniambia siku moja kwenye simu, "kila ukinipigia nasikia watoto wanalia?"

Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, na mwenye sherehe alikuwa ameanguka.

"Ni mashabiki," nilijibu. "Tumefungwa."

Alicheka, akaniamini. Nilipokosa kumpigia wiki moja, nikasingizia goti. Akafunga Jumatatu na Alhamisi kuliombea goti langu. Goti lenyewe lilikuwa zima kabisa! Siku ile niliona aibu hata kupiga magoti.

Uongo ule ungebaki mchezo kama usingemgusa yeye. Ila mchezaji wa kulipwa angeweza kumleta mke Doha kwa viza ya familia, au ndivyo alivyoamini kila mtu. Mgawa viatu, anayelala na wenzake watatu chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, hakuwa na uwezo huo. Nilijua. Sikusema. Kisha simu ikaja.

"Nimeandika barua ya kuacha kazi," Zuhura alisema. "Baba anarudi kutoka Umra, atapita Doha usiku mmoja. Ijumaa atakuja kukuona ukicheza. Akiridhika, Jumatatu barua naipeleka kwa mkuu wa shule."

Miaka minne ya kusubiri ajira, aitupe kwa ajili ya jezi ya kuazima! Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mimi nikaenda kutafuta gongo la kuchezea.

Otieno, Mkenya wa Kisumu aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu, alinitazama kama mgonjwa.

"Buda, wewe kuskate hujui. Miaka mitano hapa bado unashikilia ukuta!"

"Dakika moja tu, Otieno. Nahodha wa timu amekubali."

"Utavunjika shingo, bana. Na mimi ndio nitakuwa nikikusanya meno yako na hiyo mashine."

Nahodha alikuwa rubani, mtu mcheshi. Timu yake yote ilikuwa ya marubani, wahandisi na walimu wa kigeni waliocheza kujifurahisha. Ukweli ni kwamba katika uwanja ule mzima, watu waliolipwa kuwa pale tulikuwa mimi na Otieno!

Ijumaa baada ya Alasiri, Mzee Mbwana akaketi nyuma ya kioo kinachozunguka uwanja, kanzu nyeupe, juu yake koti zito la Otieno. Otieno akakaa naye amfafanulie. Mimi niko benchi, nimevaa mavazi mazito hadi siwezi kukuna pua. Tulipokuwa tunaongoza kwa mabao saba, nahodha akaniashiria niingie.

Niliingia. Jamani! Kuondoka niliweza. Kusimama ndiko sikujua. Nikapita katikati ya wachezaji, nikampita mwenye kigae, nikakipita kigae chenyewe, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo. Puu! Nilipofumbua macho, pua yangu ilikuwa mkabala na pua ya baba mkwe, kioo katikati.

Nikajua mambo yameisha.

Mzee akasimama. Akapiga makofi. "Maashaallah!" alipaza sauti. "Huyu haogopi kitu!"

Kumbe dakika chache nyuma alikuwa ameona wachezaji wengine wakigongana na kioo kile kile, na Otieno akamweleza kuwa ndio mchezo ulivyo. Wangu ulikuwa mgongano mkubwa kuliko yote. Kabla sijavua viatu, alikuwa keshampigia binti yake.

"Zuhura, mwanangu, mumeo simba. Nimeona kwa macho yangu. Hiyo barua yako peleka."

Sijawahi kushinda vibaya namna ile.

Jioni tulikula samaki na wali mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, karibu na hoteli aliyofikia. Sikupata hamu ya kula. Mzee alidhani ni maumivu ya mchezo, akanichambulia mnofu kama mtoto.

"Nitakuambia kitu, baba," alisema. "Nilikuwa na shaka nawe. Kule nilikotoka, nimesimama nikamwomba Mungu anionyeshe kama mwanangu yuko mikono salama. Leo kanionyesha. Naondoka na moyo mweupe."

Wallahi, ningepigwa gongo la kichwa isingeniuma vile. Nilikuwa nimeichafua hadi dua ya mtu! Nikaamua pale pale, tonge la wali mkononi: asubuhi nitasema, na nitamwambia hapo penye kaunta yangu, ili nisipate njia ya kupamba maneno.

Nisije nikaonekana shujaa. Kusema kwangu hakukufuta kitu. Pete ya uchumba ilirudi Doha mkononi mwa msafiri, imefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Ilinichukua miaka mitatu kumposa Zuhura upya katika nyumba ile ile. Ami Bakari alikataa kwenda, akasema yeye si mwigizaji. Mzee Mbwana alitoa sharti kwamba safari hii kazi iandikwe kwenye barua kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya simu ya msimamizi wangu. Waliipiga!

Nawe unayesoma haya, labda kazi yako ni kuosha sahani au kufungua geti, na wa nyumbani wanaamini unakalia kiti cha kuzunguka. Usidhani uongo wako ni wa kujivisha wewe peke yako. Kuna mtu huko anaupangia maisha yake. Anaacha kazi, anakataa wachumba, anaombea goti lisiloumwa. Mwambie leo, akutukane angali na pa kusimama.

Jumamosi ile asubuhi, kabla uwanja haujafunguliwa, Otieno alimleta Mzee Mbwana. Alinikuta nyuma ya kaunta, nimevaa sare ya kazi, rafu za viatu zikiwa nyuma yangu hadi juu.

"Shikamoo, baba. Hapa ndipo ninapofanya kazi. Ninagawa viatu hivi, ninavinoa. Mimi si mchezaji. Sijawahi kuwa."

Mzee alichukua kiatu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye chuma chake taratibu, akakirudisha. Otieno akajifanya ana shughuli na mashine.

"Mimi usinieleze," Mzee alisema hatimaye, akivuta kiti. "Mimi barua ya kuacha kazi sikuandika. Mpigie aliyeandika. Nitakaa hapa nikusikilize."

Nikapiga. Ikaita mara mbili.

"Simba wangu!" Zuhura aliitikia, anacheka. "Goti limeamkaje?"

"Zuhura," nikasema, "barua usiipeleke."

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote.